Shule ya Kwanza Gazetini: Orodha Hutengenezwaje?



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa UCE yatokapo, gazeti moja huzunguka kambi nzima hata likachakaa. Watu hawatafuti habari za Bunge wala za mpira. Wanatafuta ule ukurasa wenye orodha ya shule za sekondari, kuanzia ya kwanza kwenda chini. Wiki hiyo hiyo ofisi ya chama chetu cha akiba na mikopo hujaa wazazi. Huyu ataka mkopo wa karo ya shule iliyoshika nafasi ya kumi na mbili, yule ya ishirini. Sisi wa halmashauri ya tawi tumetia sahihi mikopo mingi ya namna hiyo, na baadhi yake tunaijutia. Ndiyo maana tumeona yafaa kueleza orodha hiyo hutengenezwa namna gani.

Kwanza ijulikane kwamba orodha hiyo si ya serikali. Halmashauri ya mitihani ya Uganda, UNEB, iliyoundwa mwaka 1983, hutoa matokeo ya kila mtahiniwa na ya kila kituo cha mtihani. Haizipangi shule kwa nafasi. Wanaozipanga ni wenye magazeti, na kila gazeti lina njia yake ya kuhesabu. Wala wenye shule hawakai kimya, kwani wengi wao hulipia matangazo katika magazeti hayo hayo.

Chukua mfano tuliojitungia wenyewe. Shule moja ina watahiniwa 30, na 27 kati yao wamepata daraja la kwanza. Hiyo ni 90 kwa mia. Shule ya pili ina watahiniwa 250, na 200 wamepata daraja la kwanza. Hiyo ni 80 kwa mia. Gazeti linalohesabu kwa mia litaiweka ile ndogo juu. Linalohesabu vichwa litaiweka ile kubwa juu. Matokeo ni yale yale, walimu ni wale wale, lakini msomaji wa gazeti moja atakwenda kaskazini na wa gazeti lingine kusini, kila mmoja na godoro la mtoto kichwani.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa wakati wa madaraja. Kwa wanafunzi wa mtaala mpya, ulioanza mwaka 2020 na kufanyiwa mtihani wake wa kwanza mwaka 2024, madaraja yameondolewa. Sasa kila somo lina herufi yake, A mpaka E, na hakuna jumla inayompa mtoto daraja. Alama 80 kwa mia hutoka katika mtihani wenyewe, na 20 hutoka katika kazi alizofanya mtoto shuleni. Mwenye kutimiza masharti huandikiwa Result 1, yaani amestahili cheti. Katika mtihani huo wa 2024 karibu watahiniwa wote waliandikiwa hivyo. Basi shule ikijitangaza kwamba watoto wake wote wamepata Result 1, mzazi ajue kwamba hata shule ya jirani yake huenda inaweza kusema hivyo hivyo. Wengine sasa huhesabu A. Lakini A ngapi, za watoto wangapi, na katika masomo gani? Tangazo halisemi.

Sasa tuje kwenye jambo kubwa zaidi, nalo ni mlango wa kuingilia. Katika PLE mtoto hufanya masomo manne, na kila somo hupewa alama kuanzia 1, iliyo bora, mpaka 9. Kwa hiyo aliyefanya vizuri kabisa ana jumla ya 4, na aliyeshindwa kabisa ana 36. Shule zenye majina makubwa huchukua watoto wa 4, 5, 6, labda na 8, kisha hufunga mlango. Upande wa pili, mpango wa elimu ya sekondari kwa wote, USE, ulipoanza mwaka 2007 uliwapokea watoto mpaka wa jumla ya 28. Baada ya miaka minne shule hizi mbili zawekwa katika orodha moja! Sisi tuliokaa kwenye mizani ya miwa tunafahamu jambo hili bila kufundishwa. Aliyepewa shamba la miwa minene hawezi kulinganishwa kwa tani na aliyepewa shamba lililoungua, kisha ikasemwa kwamba wa kwanza ndiye mchapa kazi. Shule iliyompokea mtoto wa 24 ikamtoa na B kadhaa imefanya kazi ngumu kuliko iliyompokea wa 4 ikamtoa na A. Orodha haina nafasi ya kuonyesha kazi hiyo.

Liko pia jambo la mlango wa kutokea. Mwenzetu mmoja wa sehemu ya kuchemshia sukari alikopa kwetu karo ya binti yake kwa miaka mitatu, zamu za usiku juu ya zamu za usiku. Shule yenyewe ilikuwa imetokea gazetini, hatutaitaja. Kila muhula yalidaiwa pia rimu za karatasi, mifagio, sukari (sukari, kwa mtu anayeitengeneza na hawezi kuinunua ya kutosha) na pesa za majengo. Mwaka 2023 binti alikuwa S.4. Mtihani ulipokaribia, aliambiwa ataufanyia katika shule nyingine, mbali, ambayo hajapata kukaa darasani mwake hata siku moja. Yeye na wenzake kadhaa walikuwa wameandikishwa huko tangu mwanzo wa mwaka kwa sababu alama zao za majaribio zilikuwa ndogo. Wazazi hawakuambiwa. Matokeo yao yalihesabiwa katika kituo kile cha mbali, na shule iliyokula karo ikabaki safi gazetini. Tulimsindikiza mzazi kwa mwalimu mkuu. Alitupokea kwa heshima, akatupa soda, akasema kwamba shule ina wajibu wa kulinda jina lake.

Binti alipata cheti. Deni la baba yake halijakwisha.

Hila hiyo yaweza kugunduliwa mapema. Nambari ya mtahiniwa wa UCE huanza na herufi U na nambari ya kituo. Mtoto akishaandikishwa, mzazi aombe kuiona nambari hiyo, kisha aulize kama ndiyo nambari ya shule anayoilipia. Kwa mtaala mpya jambo hili ni zito zaidi, maana mtoto ambaye alama zake za kazi za shuleni hazikufika UNEB huandikiwa Result 2, naye hapati cheti hata kama mtihani ameuandika vizuri. Mtoto akihamishwa, yafaa kufuatilia kwa maandishi alama hizo zimekwenda wapi.

Na kabla ya kulipa hata shilingi, muulize mwalimu mkuu: walioingia S.1 walikuwa wangapi, na waliofanya mtihani wa S.4 hapa hapa walikuwa wangapi? Wakiingia 120 wakabaki 70, wale 50 wamekwenda wapi? Wengine huenda walihama kwa shida ya karo, hilo twalijua sana, lakini jibu lipatikane. Uliza pia mwaka huo walipokea watoto wa jumla gani ya PLE, ya chini kabisa.

Halmashauri imefungua daftari. Kila mwanachama mwenye mtoto sekondari anaombwa aandike jina la shule, walioingia, waliofanya mtihani, karo iliyotangazwa na pesa alizotoa kweli kweli kwa mwaka mzima. Shule zetu za karibu, ambazo hazijaonekana gazetini, ziandikwe pia. Daftari liko kwa katibu wa tawi, chumba cha pili baada ya mizani, na lafunguliwa kila Jumamosi baada ya malipo. Asiyejua kuandika ataandikiwa.