Riwaya 100 bora za Modern Library

Riwaya 100 bora za Modern Library ni jina linalotumika kwa orodha mbili za riwaya za Kiingereza za karne ya 20 zilizotangazwa nchini Marekani mwaka 1998. Ya kwanza ilitokana na maoni ya baraza dogo lililoteuliwa na mchapishaji. Ya pili ilitokana na kura za wasomaji zilizopigwa kwa njia ya intaneti. Orodha hizo zilitofautiana sana, hasa katika nafasi kumi za kwanza, na tangu wakati huo hutajwa mara kwa mara linapozuka swali la nani anayestahili kusema kwamba kitabu fulani ni bora kuliko kingine: mhakiki au msomaji.

Jibu la haraka ni kwamba wahakiki hupenda vitabu vigumu na wasomaji hupenda vitabu vyepesi. Orodha hizi haziungi mkono jibu hilo. Riwaya iliyoongoza kura ya wasomaji ina kurasa zaidi ya elfu moja, na sehemu yake moja ni hotuba ndefu ya kifalsafa. Ili kuelewa tofauti ya orodha hizi ni lazima kwanza kujua kila moja ilivyopatikana.

Mchapishaji

Modern Library ilianzishwa New York mwaka 1917 na Albert Boni na Horace Liveright kwa lengo la kuuza vitabu mashuhuri kwa bei nafuu. Mwaka 1925 ilinunuliwa na Bennett Cerf na Donald Klopfer, ambao miaka miwili baadaye walianzisha kampuni ya Random House. Kampuni hiyo ndiyo iliyopigania mahakamani haki ya kuchapisha Ulysses ya James Joyce, riwaya iliyokuwa imezuiwa kuingia Marekani kwa madai ya matusi. Mwaka 1933 Jaji John M. Woolsey aliamua kwamba kitabu hicho hakikuwa cha matusi, na mwaka 1934 Random House ikakitoa.

Mwaka 1998 Ulysses ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya baraza, na mmoja wa wajumbe, Christopher Cerf, ni mtoto wa Bennett Cerf. Hayo hayapunguzi thamani ya riwaya hiyo, lakini msomaji wa orodha anapaswa kuyajua. Mchapishaji hatangazi orodha ya vitabu bora bila kutazama pia ghala lake.

Orodha ya baraza

Baraza lilikuwa na watu kumi: Daniel J. Boorstin, A. S. Byatt, Christopher Cerf, Shelby Foote, Vartan Gregorian, Edmund Morris, John Richardson, Arthur Schlesinger Jr., William Styron na Gore Vidal. Byatt alikuwa mwanamke pekee. Morris, aliyejulikana kwa wasifu wa marais wa Marekani, alizaliwa Nairobi mwaka 1940. Watu hawa huitwa "wahakiki" kwa mazoea tu, maana zaidi ya nusu yao walikuwa wanahistoria au waandishi wa wasifu.

Nafasi kumi za kwanza zilikwenda kwa Ulysses ya Joyce, The Great Gatsby ya F. Scott Fitzgerald, A Portrait of the Artist as a Young Man ya Joyce tena, Lolita ya Vladimir Nabokov, Brave New World ya Aldous Huxley, The Sound and the Fury ya William Faulkner, Catch-22 ya Joseph Heller, Darkness at Noon ya Arthur Koestler, Sons and Lovers ya D. H. Lawrence na The Grapes of Wrath ya John Steinbeck.

Wengi hudhani kwamba watu hao kumi walikaa mezani wakabishana mpaka wakakubaliana. Haikuwa hivyo. Kila mmoja alitia alama kwenye majina ya riwaya alizoziona zinafaa, kisha alama zikahesabiwa. Kwa kuwa wapiga kura walikuwa kumi tu, riwaya nyingi zililingana kwa idadi ya alama, na mpangilio wake haukutokana na uamuzi wa mtu yeyote kwamba hii inaizidi ile. Baadhi ya wajumbe wenyewe walishangaa walipoona matokeo. Kusema Brave New World ni riwaya ya tano kwa ubora katika karne nzima ni kuipa hesabu uzito isiokuwa nao.

Lawama nyingine ilihusu walioachwa nje. Katika riwaya 100, tisa tu ziliandikwa na wanawake, na mbili kati ya hizo ni za mtu mmoja, Edith Wharton. Toni Morrison, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, hakuwamo kabisa. Cha kushangaza, Beloved yake (1987) ilipata nafasi katika orodha ya wasomaji.

Kwa msomaji wa Afrika pengo ni kubwa zaidi. Afrika imo katika orodha ya baraza, tena mara kadhaa: Henderson the Rain King ya Saul Bellow, The Heart of the Matter ya Graham Greene iliyowekwa Sierra Leone, Heart of Darkness ya Joseph Conrad iliyotokana na safari ya mwandishi katika Mto Kongo, mfululizo wa Lawrence Durrell kuhusu Aleksandria, A Bend in the River ya V. S. Naipaul, na The Sheltering Sky ya Paul Bowles inayosimulia Wamarekani waliopotelea Sahara. Katika riwaya ya Naipaul msimulizi ni Salim, Mwislamu wa asili ya Kihindi aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki na kwenda kufungua duka katika mji wa bara kando ya mto. Hata hivyo, hakuna riwaya hata moja ya mwandishi wa Afrika. Things Fall Apart ya Chinua Achebe, iliyoandikwa kwa Kiingereza na kutoka mwaka 1958, ilitimiza masharti yote. Haimo katika orodha ya baraza, wala haimo katika ile ya wasomaji. Juu ya jambo hili pande mbili zinazosemekana kupingana zilikubaliana bila kujua.

Kura ya wasomaji

Baada ya orodha ya baraza kutangazwa mwezi Julai 1998, wasomaji walialikwa kupiga kura zao kwenye tovuti ya Modern Library hadi mwezi Oktoba. Zilihesabiwa kura 217,520.

Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa Atlas Shrugged (1957) na ya pili kwa The Fountainhead (1943), zote za Ayn Rand, mwandishi mzaliwa wa Urusi aliyetumia riwaya kueneza falsafa inayotukuza mtu binafsi na soko huria. Riwaya zake nyingine mbili, Anthem na We the Living, zilikuwa ya saba na ya nane. Yaani riwaya zake zote nne ziliingia katika kumi bora. L. Ron Hubbard, mwanzilishi wa Scientology, alipata nafasi ya tatu, ya tisa na ya kumi. Waandishi wawili walichukua nafasi saba kati ya kumi. Zilizobaki zilikwenda kwa The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien, To Kill a Mockingbird ya Harper Lee na 1984 ya George Orwell.

Hakuna riwaya hata moja ya Rand au Hubbard katika orodha ya baraza. Rand na Hubbard wote wana wafuasi, si wasomaji tu, na hapo ndipo penye ufunguo wa matokeo haya. Mwaka 1998 watu waliokuwa na intaneti walikuwa wachache, na kura ya aina hiyo haikuwa na njia ya kuhakikisha kwamba mtu mmoja anapiga kura moja. Kundi dogo lenye ari linaweza kulishinda kundi kubwa la watu waliosoma, wakafurahi, wakaendelea na shughuli zao. Kura ya wazi hupima ari ya wapigaji zaidi ya idadi ya wapenzi wa kitabu.

Ukiziondoa riwaya hizo saba, picha inabadilika. Nafasi ya 11 ya wasomaji ni Ulysses, ya 12 ni Catch-22 na ya 13 ni The Great Gatsby. Riwaya tatu ambazo baraza liliziweka ya kwanza, ya saba na ya pili zinafuatana hapo. Tofauti ya kweli inaonekana mbele zaidi, ambako wasomaji waliweka riwaya nyingi za kubuni mambo ya sayansi na za kifantasia, kama Dune ya Frank Herbert na vitabu kadhaa vya Robert Heinlein. Baraza halikuzipa aina hizo nafasi kubwa, ingawa halikuona taabu kuweka juu Brave New World, ambayo nayo ni hadithi ya ulimwengu wa kubuni wa miaka ijayo.

Orodha ya tatu ilitolewa wakati uleule na wanafunzi wa kozi ya uchapishaji ya Radcliffe, kwa ombi la Modern Library yenyewe. Wao waliweka The Great Gatsby mbele, na katika kumi bora wakawa na To Kill a Mockingbird, The Color Purple ya Alice Walker na Beloved. Haikupata umaarufu wa zile mbili, pengine kwa sababu haikumkasirisha mtu.

Mfano wa Uingereza

Kipimo bora cha kupendwa na wasomaji kilikuwa kimepatikana Uingereza mwaka mmoja na nusu kabla. Mwanzoni mwa 1997 maduka ya vitabu ya Waterstone's pamoja na kituo cha televisheni cha Channel 4 yaliwauliza watu zaidi ya 25,000 wataje vitabu vitano bora vya karne. The Lord of the Rings ilishinda, ikafuatwa na 1984, Animal Farm, Ulysses na Catch-22. Baadhi ya waandishi wa magazeti na wasomi walikasirika, na ikadaiwa kwamba mashabiki wa Tolkien walijipanga. Ndipo gazeti la Daily Telegraph likawauliza wasomaji wake, na shirika la vitabu la Folio Society likawauliza wanachama wake. Tolkien akashinda kote kuwili. Mwaka 2003 BBC iliendesha kura kubwa zaidi, na matokeo yakawa hayohayo.

Hapo tuhuma ya kujipanga haiwezi kusimama. Rand na Hubbard walishinda kura moja, lakini Tolkien alishinda katika kura zote hizo za Uingereza, kwa wapigaji tofauti. Tom Shippey, profesa wa fasihi aliyeandika juu ya Tolkien mwaka 2000, alichukua matokeo haya kuwa swali ambalo wahakiki wanadaiwa jibu.

Orodha ya Afrika

Mwaka uleule wa 1998, katika Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Zimbabwe, Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alitoa wazo la kutafuta vitabu 100 bora vya Afrika vya karne ya 20. Utaratibu uliofuatwa ulichanganya njia zote mbili. Umma ulialikwa kupendekeza vitabu vya lugha yoyote, kisha jopo likiongozwa na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini likachagua. Matokeo yalitangazwa Accra mwezi Februari 2002. Vitabu 12 vilivyowekwa mbele havikupewa namba. Miongoni mwake ni Things Fall Apart, A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Chaka ya Thomas Mofolo iliyoandikwa kwa Kisotho, na Sosu's Call ya Meshack Asare, kitabu cha watoto. Katika orodha nzima umo Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert. Kukataa kupanga namba kulikuwa uamuzi wa busara, ingawa kuliyanyima magazeti habari ya kusisimua.

Riwaya za Kiswahili

Katika uhakiki wa Kiswahili mgawanyiko huu una majina yake: riwaya dhati na riwaya pendwa. Katika kundi la kwanza huwekwa kazi kama Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, ambazo zimeandikiwa tahakiki nyingi vyuoni. Katika kundi la pili huwekwa hadithi za upelelezi na mapenzi, kama Kufa na Kupona (1974) ya Elvis Musiba pamoja na mpelelezi wake Willy Gamba, au vitabu vya Ben Mtobwa vyenye Joram Kiango. Mauzo hayatoshi kuonyesha vilivyopendwa. Nakala moja ya Musiba ilipita mikono mingi, bwenini au ofisini, hadi jalada likatoka, nayo ikahesabiwa moja.

Mpaka kati ya makundi hayo si ukuta. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ni hadithi ya upelelezi ya Bwana Msa, na bado ilipata zawadi ya kwanza katika shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957–58 kabla ya kuchapishwa mwaka 1960. Wahakiki hawajaacha kuiandikia. Siku Njema (1996) ya Ken Walibora nayo ilipendwa na wasomaji na kufundishwa madarasani.

Kwa mwanafunzi wa Kenya au Tanzania, orodha yenye nguvu zaidi hupangwa na mamlaka za elimu, si na wahakiki wala wasomaji. Kitabu kikiteuliwa kwa ajili ya mtihani husomwa na kizazi kizima cha watahiniwa kwa miaka kadhaa, kama ilivyokuwa kwa Kidagaa Kimemwozea ya Walibora nchini Kenya. Muda wake ukiisha, nafasi yake huchukuliwa na kingine, na maduka hubadilisha rafu.