Naitrojeni kwa Nyasi za Malisho katika Pwani ya Kismayu: Udongo, Maji na Uamuzi wa Kisera

1. Utangulizi

Makala haya yanafafanua ni wapi, katika pwani ya Kismayu na Visiwa vya Wabajuni, mbolea ya naitrojeni inaweza kuongeza malisho, na ni wapi itapotea bure. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya kutosha, na mifugo mingi ya Somalia ikafa. Baada ya hasara ya namna hiyo, wazo la kugawa mbolea ili kunusuru malisho lina mvuto. Hoja ya makala haya ni kwamba maji na aina ya udongo ndivyo vinavyoamua faida ya mbolea hiyo.

2. Hesabu ya naitrojeni

Nyasi za kitropiki hukomaa upesi, na zikikauka protini ghafi yake mara nyingi hushuka chini ya asilimia 7. Hapo vijidudu vya tumbo la kwanza la ng'ombe hukosa naitrojeni, na mnyama hudhoofu hata kama nyasi zipo tele. Protini ghafi hukadiriwa kwa kuzidisha naitrojeni kwa 6.25, kwa hiyo tani moja ya nyasi kavu yenye protini ya asilimia 10 hubeba kilo 16 za naitrojeni. Kwa kuwa urea ina naitrojeni asilimia 46, kiasi hicho ni sawa na kilo 35 za urea ikiwa yote itafyonzwa, au kilo 70 ikiwa nusu itapotea.

3. Visiwani na nyandani

Visiwa vya Koyama, Chovai na Chula vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na udongo wake ni haba na wenye chokaa nyingi. Urea ikimwagwa juu ya udongo wa namna hiyo hugeuka amonia na kupaa hewani, hasa penye joto na unyevu kidogo. Kuibadilisha kwa salfeti ya amonia hakuondoi tatizo, kwani nayo hupoteza amonia inapokutana na chokaa.

Katika nyanda zinazotegemea mvua za Gu na Deyr, kikwazo cha kwanza ni maji. Aidha, nyasi zilizotiwa naitrojeni nyingi kisha zikapigwa na ukame hulimbikiza naitreti. Tumboni mwa ng'ombe naitreti hugeuka naitraiti, ambayo huizuia damu kubeba oksijeni. Hivyo msaada wa mbolea unaweza kuua mifugo iliyokusudiwa kuokolewa.

4. Bonde la Mto Juba

Hali ni tofauti katika udongo mzito wa mfinyanzi kando ya Juba, kuanzia Jamaame hadi karibu na Goobweyn, mto unapoingia baharini. Penye umwagiliaji, matete na nyasi za Rhodes huweza kuitumia naitrojeni vyema, mradi igawanywe baada ya kila mkato, ifukiwe au imwagiliwe mara moja, na isitiwe wakati mafuriko yanatarajiwa.

5. Hitimisho na mapendekezo

Kwanza, urea isigawiwe kwa malisho ya visiwani wala kwa nyanda zisizo na umwagiliaji. Huko kipaumbele kiwe samadi, mikunde inayostahimili ukame na kupumzisha malisho. Pili, mbolea ielekezwe kwenye mashamba ya umwagiliaji yanayokata na kuhifadhi nyasi kavu kwa ajili ya kiangazi. Tatu, kabla ya ruzuku yoyote, bei ya kilo 70 za urea, pamoja na gharama ya maji na kazi, ilinganishwe na bei ya tani moja ya nyasi kavu sokoni Kismayu. Ikiwa nyasi ni rahisi zaidi, fedha hizo zinunue nyasi.