Jalada la Baba Yake

Msomaji, juzi huko Embu niliketi na mzee wa Kimeru mbele ya kompyuta. Baba yake alizuiliwa kisiwani Manda, ng'ambo ya Lamu kwetu, siku za Hali ya Hatari iliyotangazwa 1952. Tukafungua orodha ya Hifadhi ya Nyaraka ya Uingereza, tukaandika FCO 141: ndiyo majalada waliyoondoka nayo wakoloni, yakafichwa Hanslope Park hata kesi ya Mau Mau ikayafichua 2011.

Anwani za majalada zikateremka, moja baada ya moja. Kuyasoma sasa, lahaula! Mengi hayakutiwa mtandaoni. Majalada yenyewe yako Kew, London.

"Ustadhi, nauli ni kiasi gani?"

Nikamtajia. Akachukua kofia yake.