Moins tatu na moins nane: gani ni kubwa?

Watoto wetu wanapoanza sekondari wanarudi nyumbani na kaye ya hesabu yenye namba za moins: −3, −8, −15. Mwalimu anawauliza: kati ya −3 na −8, gani ni kubwa? Wengi wanajibu −8, juu ya 8 inapita 3, na wanakosa pointi. Sisi wazazi tunanyamaza, eti hayo ni mambo ya shule. Sisi wa sendika tunasema hapana: hayo ni mambo ya mgodi. Mchimbaji anayajua kila siku, ni jina tu ndilo linamsumbua.

Tuchukue shimo. Mdomo wa shimo, pale tunaposimama mbele ya kushuka, tuuite zero. Kila mita ya kushuka ni moins moja. Mwenzetu mmoja yuko ku −3, mwingine yuko ku −8. Nani yuko juu? Ni yule wa −3. Basi −3 ni kubwa kuliko −8. Kwa namba, kubwa ni ile iko juu zaidi.

Sasa swali la pili: nani ana safari ndefu ya kurudi ku jua? Wa −8, yeye ana mita 8 za kupanda. Huo umbali wa kutoka zero ndio kaye ya mtoto inaita valeur absolue. Unaandikwa kati ya vistari viwili vya kusimama: |−8| = 8, |−3| = 3. Umbali hauna moins. Aliye mita 8 juu ya mdomo wa shimo na aliye mita 8 chini yake, wote wako mbali sawasawa na zero.

Familia zilizo mbali na karieri zinaweza kutumia Ziwa Kivu. Uso wa maji ni zero. Wavu ulioshushwa mita 10 uko ku −10. Chini kabisa ya ziwa ni karibu −480. Wavu uko juu, lakini chini ya ziwa ndiko mbali.

Chini ya zero, basi, maswali haya mawili yanapingana: namba inapokuwa ndogo, umbali unakuwa mkubwa. Hapo watoto wanapotea, na watu wazima pia.

Kanuni za migodi za Congo zinakataza wachimbaji wa mikono kupitisha mita 30 kwenda chini. Shimo la −34 limevunja kanuni? Mjanja atasema −34 ni ndogo kuliko −30, kwa hiyo hatujapita. Uongo! Kanuni inauliza umbali, na |−34| inapita 30 kwa mita 4. Udongo ukianguka, hizo mita 4 ni za kulia.

Ku pesa ni vilevile. Tumeonaga kaye ya mnunuzi imeandikwa "inabaki 40", bila alama yoyote. Mchimbaji anafurahi, anafikiri atapewa dola 40. Siku ya kulipana anaambiwa ni deni lake. 40 ni umbali tu. Haisemi uko upande gani wa zero. Na mwenye deni la dola 200 yuko ku −200, chini ya mwenye −50, hata kama kwa macho 200 inaonekana nene.

Mambo haya ni ya zamani. Mwaka 628 huko India, Brahmagupta aliandika kanuni za namba hizi, na aliziita mali na madeni.

Basi, ndugu wachimbaji, mama na baba, mbele ya kutia sahihi au kidole, ulizeni mara mbili: upande gani wa zero? Umbali gani? Na leo jioni muulize mtoto apange namba hizi: −12, 5, −30, 0, −4. Kutoka ndogo kwenda kubwa: −30, −12, −4, 0, 5. Kwa umbali, kuanzia ile ya karibu na zero: 0, −4, 5, −12, −30. Akipata zote mbili, na akueleze sababu, amelishika somo.