Dawa ya Kinga na Ini Lako

Akiugua mtu kifua kikuu nyumbani, mara nyingi ni sisi akina mama tunaohakikisha kwamba wengine wanameza dawa ya kinga kila siku. Nasi wenyewe tunaimeza. Dawa hiyo, isoniazidi, imewafaa wengi tangu mwaka 1952. Lakini husagwa na ini, na kwa watu wachache huliumiza.

Jambo hili lilionekana wazi huko Washington, Marekani, mwaka 1970. Watumishi 2,321 walianza kuimeza. 19 wakaugua ini, na wawili kati yao wakafariki. Baadaye ikashauriwa kila anayeimeza aulizwe hali yake kila mwezi.

Dada mpendwa, zijue dalili: kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, uchovu usioisha, maumivu chini ya mbavu za kulia, mkojo mweusi kama chai ya rangi, na macho ya manjano. Ukiziona, acha kumeza siku hiyo hiyo, uende kliniki. Usingoje tarehe yako.

Walio hatarini zaidi ni watu wazima wa makamo na wazee, wanywaji wa pombe, wenye ugonjwa wa ini, na mama aliyejifungua karibuni. Watoto hupatwa kwa nadra. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, hata za miti shamba.

Hata hivyo, tusiitupe dawa kwa hofu. Kifua kikuu huua, na ini likiwahiwa kwa kawaida hupona. Basi tunapogawa vidonge asubuhi, tutazame na macho ya anayemeza.