Nguvu za Mwili, Msongo wa Mawazo na Sonona kwa Wazee: Somo kwa Walimu na Wafasiri

Huenda ukashangaa kuona makala kuhusu afya ya wazee katika jarida la idara inayofundisha lugha. Sababu ni kwamba wanafunzi wetu wengi wanapohitimu hapa Uganda huajiriwa na miradi ya afya kama wafasiri na wakalimani, na baadhi ya madodoso wanayopewa yanahusu wazee. Neno moja likitafsiriwa vibaya katika dodoso la namna hiyo, mgonjwa huandikwa kuwa ni mzima. Jambo hili nimelishuhudia mwenyewe, nami nitalieleza hapa chini.

Maana ya istilahi

Kwanza, ni vema tutofautishe istilahi tatu ambazo mara nyingi huchanganywa.

Msongo wa mawazo, ambao wengine huuita mfadhaiko, ni hali ya mwili na akili kukabiliana na mzigo. Mtu akifiwa, akistaafu au akidaiwa, moyo humwenda mbio na usingizi hupungua. Mzigo ukiondoka, kwa kawaida hali hurejea. Sonona, ambayo baadhi ya waandishi huiita unyogovu, ni ugonjwa. Mtu hupoteza furaha na hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili, na maisha yake ya kila siku huathirika. Istilahi ya tatu ni udhaifu wa misuli utokanao na uzee, ambao wataalamu huuita sakopenia. Neno hili lilipendekezwa mwaka 1989 na Irwin Rosenberg wa Marekani, akiunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya nyama na upungufu.

Misuli huanza kupungua baada ya umri wa miaka 30, kwa makadirio ya asilimia 3 hadi 8 kwa kila miaka 10, na kasi huongezeka baada ya miaka 60. Nguvu hupungua haraka zaidi kuliko misuli yenyewe. Kuna njia mbili rahisi za kupima. Ya kwanza ni kubana kwa kiganja kifaa maalumu kinachoonyesha kilo. Kwa mujibu wa mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2019, mwanamume anayeshindwa kufikisha kilo 27, na mwanamke anayeshindwa kufikisha kilo 16, huhesabiwa kuwa na udhaifu. Njia ya pili haihitaji kifaa: mzee huinuka kitini na kuketi mara 5 bila kujisaidia kwa mikono. Akitumia zaidi ya sekunde 15, ni dalili ya udhaifu.

Uhusiano wa mambo haya matatu

Je, nguvu za misuli zinahusiana vipi na huzuni ya moyo? Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wazee wenye nguvu ndogo za kiganja hupatwa na dalili za sonona zaidi ya wenzao. Uhusiano huu huenda pande zote mbili. Mtu mwenye sonona hupoteza hamu ya kula na ya kutoka nje, na misuli isiyotumika hunywea. Kwa upande mwingine, mzee aliyedhoofika huogopa kuanguka, akaacha kwenda sokoni, kanisani, msikitini au msibani, na upweke ukamwingia. Msongo wa muda mrefu nao huongeza homoni iitwayo kotisoli, ambayo ikizidi kwa muda mrefu huvunjavunja protini za misuli na kuvuruga usingizi. Kwa hiyo kila kimoja humvuta mwenzake, mithili ya watu watatu waliofungwa kamba moja.

Lugha yetu inaonekana kulijua jambo hili zamani. Tazama kitenzi nyong'onyea. Tunasema mwili umenyong'onyea, yaani umelegea na kukosa nguvu. Tunasema pia mtu amenyong'onyea tukimaanisha kwamba amekosa raha na uchangamfu. Vilevile tunasema moyo umevunjika, moyo mzito, mwili mzito. Mzee anaposema "mwili umeniishia", msikilizaji asiharakishe kuamua kwamba anazungumzia magoti tu.

Kisa cha neno "nguvu"

Mwaka jana niliwachukua wanafunzi wa mwaka wa tatu wakafanye mazoezi ya ukalimani na kikundi cha wazee. Walibeba dodoso fupi la maswali 15 la kupimia sonona kwa wazee. Dodoso hilo lilitokana na lile la maswali 30 lililoundwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mjibuji hujibu ndiyo au hapana. Mojawapo ya maswali hayo huchunguza kama mzee anajiona mchangamfu, mwenye ari ya kufanya mambo. Wanafunzi walikuwa wamelitafsiri hivi: "Je, una nguvu?"

Miongoni mwa wazee hao alikuwamo mwalimu mstaafu aliyenifundisha mimi Kiswahili nikiwa kijana. Alipoulizwa alicheka kidogo, akajibu: "Nguvu ninazo, mwanangu. Bado napalilia migomba yangu." Mwanafunzi akaandika ndiyo. Mama mmoja mwenye maumivu ya magoti akajibu kwamba hana nguvu hata kidogo, huku akitutania na kuimba. Mwanafunzi akaandika hapana. Kwenye swali hilo, mama mchangamfu akapata alama ya sonona, na mwalimu wangu akaonekana mzima.

Tulipokuwa tunaaga, mke wa mwalimu alinivuta kando. Aliniambia kwamba tangu mzee afiwe na rafiki yake, hasomi tena gazeti, hutoka kitandani saa tisa ya usiku na kuketi gizani, na mara mbili amesema kwamba haoni sababu ya kuendelea kuishi. Shambani hupalilia kwa sababu ndicho alichozoea, kisha hurudi bila kusema neno. Nilikuwa nimemwamkia "Shikamoo, mwalimu", naye akaniitikia "Marahaba" kwa sauti ileile ya darasani. Mimi mwanafunzi wake sikugundua chochote.

Kosa halikuwa la wanafunzi peke yao, kwani tafsiri ile niliipitisha mimi. Neno "nguvu" katika Kiswahili hubeba uwezo wa misuli, ari ya moyo, hata mamlaka. Tungeuliza, "Je, siku hizi unajisikia mchangamfu, mwenye hamu ya kufanya shughuli zako?" huenda jibu lingekuwa tofauti. Maneno mengine yenye hatari kama hiyo ni "presha", ambalo kwa wengi ni shinikizo la damu wala si msongo, na "moyo", ambao ni kiungo na pia makao ya hisia. Mzee anayesema moyo unamuuma aulizwe anamaanisha upi, kwa kuwa majibu yote mawili yana hatari zake.

Kujifunza kutoka kwa lugha za wenyeji

Kwa wazee wengi wa Uganda, Kiswahili si lugha ya kwanza. Wengine bado wanakikumbuka kama lugha ya askari wa enzi za Idi Amin, kati ya mwaka 1971 na 1979. Ni busara kuuliza kwanza mzee anapenda kuzungumza lugha gani.

Watafiti waliofanya kazi Masaka na Rakai, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2003, hawakuanza na istilahi za kigeni. Waliwauliza wanakijiji wenyewe matatizo yao huitwaje. Miongoni mwa majina yaliyotajwa yalikuwamo ya hali ya kujichukia na hali ya kujihurumia, kwa Kiganda okwekyawa na okwekubagiza. Baada ya hapo vijiji 30 viligawanywa kwa bahati nasibu, na katika baadhi yake watu wenye sonona wakakutana kwa vikundi kila wiki, kwa wiki 16, wakizungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha yao. Dalili za waliohudhuria vikundi zilipungua kwa kiasi kikubwa kuliko za wenzao. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa akina bibi wanaoketi na wagonjwa kwenye benchi, wakitumia neno la Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Katika mifano yote miwili, kazi ya lugha ilitangulia kazi ya tiba.

Je, mazoezi yanasaidia?

Jibu ni ndiyo, kwa kiasi. Mwaka 1990 ilichapishwa taarifa ya wazee 10 wa Marekani, wenye umri wa takriban miaka 90, waliofanya mazoezi ya uzito wa miguu kwa wiki 8. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mwaka 2018 uchambuzi wa tafiti 33, zilizohusisha watu 1,877 wa rika mbalimbali, ulionyesha kwamba mazoezi ya kujenga misuli hupunguza dalili za sonona. La kuvutia ni kwamba unafuu huo haukutegemea kiasi cha nguvu kilichoongezeka. Bila shaka kuna faida katika kule kufanya kwenyewe.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza wazee wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, mazoezi ya kujenga misuli siku 2 au zaidi, na yale ya kuimarisha uwiano wa mwili siku 3 au zaidi. Si lazima kuwa na vyuma vya gharama. Kuinuka kitini mara kadhaa, kupanda ngazi na kunyanyua chupa za maji vyatosha kwa kuanzia. Haba na haba hujaza kibaba. Protini nayo ni muhimu: maharage, mayai, maziwa, mukene.

Hata hivyo, mazoezi hayachukui nafasi ya daktari. Udhaifu unaweza kutokana na upungufu wa damu, kisukari au dawa anazotumia mzee. Na mzee anayesema kwamba amechoka kuishi asiambiwe akimbie mchakamchaka. Asikilizwe, asiachwe peke yake, na afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Si kila mwenye sonona anapelekwa Butabika. Wengi hutibiwa wakiwa nyumbani.

Hitimisho

Mwalimu wangu alipelekwa kituo cha afya wiki ileile na anaendelea na matibabu. Jioni hutembea na mkewe hadi barabarani na kurudi. Siku nyingine hutoka, siku nyingine hukataa. Gazeti ameanza kulishika tena, ingawa mke wake anasema kurasa hazigeuzwi sana.

Kwa walimu wenzangu ninapendekeza mambo matatu katika somo la tafsiri. Kwanza, kila dodoso la afya lijaribiwe kwa kuwasomea wazee wachache na kuwauliza, "Umeelewa nimekuuliza nini?" Pili, tafsiri irejeshwe katika lugha ya awali na mtu mwingine ambaye hajaona matini chanzi. Tatu, mwanafunzi afundishwe kuandika kando maneno halisi ya mzee, pamoja na alama ya ndiyo au hapana. Kama maneno "Bado napalilia migomba yangu" yangeandikwa na kujadiliwa darasani, pengine mmoja wetu angeuliza swali la pili. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno; nasi tuhakikishe neno la mzee halituharibikii mikononi.