Uondoaji wa vena varikosi kwa matundu madogo

Uondoaji wa vena varikosi kwa matundu madogo ni jina la jumla la njia za kutibu vena za miguu zilizovimba na kujipinda bila kupasua mguu kwa mkato mrefu. Kwa kawaida mgonjwa huchomwa sindano za ganzi tu, bila nusu kaputi, na hurudi nyumbani siku hiyohiyo akitembea.

Chanzo cha ugonjwa

Kazi ya vena ni kurudisha damu moyoni. Damu ya mguuni hupanda kwa kusukumwa na misuli ya shavu la mguu mtu anapotembea, na vali zilizo ndani ya vena huizuia isirudi chini. Vali zikilegea, damu hutuama na vena hutanuka. Urithi, umri, ujauzito na unene huchangia, na vilevile kusimama kwa saa nyingi. Katika machimbo madogo ya Geita, kama Rwamgasa na Nyarugusu, anayehudumia karasha au kuosha mchanga wa dhahabu husimama mahali pamoja kutwa, na misuli isipofanya kazi damu haipandi vizuri.

Baada ya miaka, ngozi karibu na kifundo huwa nyeusi, huwasha, na hatimaye huweza kutoka kidonda kisichopona. Wapo wanaosema mgonjwa ametegeshewa, wakampeleka kuchanjwa chale. Hiyo ni hatari kweli: vena iliyovimba ikikatwa humwaga damu nyingi. Hilo likitokea, mgonjwa alazwe chini, mguu uinuliwe juu, na mahali panapotoka damu pakandamizwe kwa kitambaa safi hadi afikishwe hospitali.

Njia za matibabu

Mwaka 1907 Babcock wa Marekani alieleza namna ya kung'oa vena nzima kwa waya. Mwaka 1956 Robert Muller, daktari wa ngozi wa Uswisi, alianza kuzitoa vipande vipande kupitia matundu ya milimita chache, kwa kulabu inayofanana na sindano ya kufumia vitambaa. Matundu hayo hayahitaji kushonwa.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 vena kubwa huachwa mahali pake ikafungwa kwa joto la leza au la mawimbi ya redio, kupitia katheta nyembamba. Njia nyingine ni povu: dawa huchanganywa na hewa kwa kusukumwa huku na huku kati ya mabomba mawili ya sindano, kisha hudungwa ndani ya vena. Povu ni rahisi zaidi, ingawa vena hufunguka tena mara nyingi kuliko kwa joto.

Wanafunzi huuliza: damu itapita wapi? Sehemu kubwa ya damu ya mguu hupita katika vena za ndani, si zile zinazoonekana. Ndiyo maana kipimo cha altrasaundi hutangulia. Vena za ndani zikiwa zimezibwa na damu iliyoganda, za juu huenda ndiyo njia pekee iliyobaki, na kuzifunga ni kumdhuru mgonjwa.

Baada ya matibabu mgonjwa huvaa soksi za kubana na hutakiwa kutembea. Aliyetibiwa Mwanza, kwenye Hospitali ya Kanda ya Bugando kwa mfano, ana zaidi ya kilomita 150 za basi hadi Shinyanga. Ashuke anyooshe miguu kila gari linaposimama. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, aende hospitali mara moja.